Hapa Hakuna Mwenye Sukari

Halloween siipendi, na sikuipenda hata kabla wifi yangu hajaniambia kwamba ni sikukuu ya kuzimu. Mimi nina sababu zangu. Watu wazima wenye akili timamu wananunua maboga mazuri, wanayatoboa macho, wanayaacha yaoze barazani, kisha wanawatuma watoto mlango kwa mlango kuomba peremende. Kwetu Bukavu mtoto akienda kuombaomba kwa majirani anachapwa. Hapa Durban anapigwa picha.

Na peremende zenyewe ndizo adui yangu wa kila siku. Binti yangu ana sukari. Si ile ya wazee, ya kumeza vidonge na kulalamika. Ni ile ya watoto, ya sindano kila anapotaka kula, leo na kesho na maisha yake yote. Alikuwa na miaka sita tulipoambiwa, na mwaka wa keki nitakayoisimulia alikuwa na kumi. Katika miaka hiyo nilijifunza kuitazama sahani ya chakula kama polisi anavyomtazama mtu asiye na karatasi.

Mwaliko ulitoka kwa mteja wangu. Mimi ni msusi, saluni yetu iko Albert Park, mtaa uleule wa ghorofa tunaloishi. Mteja huyo ni Mkenya, anafundisha chuo kikuu, anakaa Westville ambako miti ni mingi kuliko watu. Alizoea kuja na binti yake, na wakati mimi nasuka, mabinti wetu wawili walikaa chini ya kikaushio kibovu wakicheka mambo wasiyotaka kutuambia. Wakawa marafiki. Mama yule hana ubaya, ila ana kitu kimoja kinachonichoma: kila akimwona mwanangu anainamisha kichwa upande na kusema, "Pole sana, mami." Mtoto amekaa anacheka, anapewa pole.

Katikati ya mwaka binti yake alikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Tulikwenda. Keki ilikuwa ya ghorofa mbili, waridi waridi, na mwanangu aliletewa vipande vya tofaa kwenye sahani ya peke yake, ya kijani, wakati wenzake wote walishika nyeupe. Alipomaliza tofaa lake bila kulia, wazazi walimpigia makofi. Naapa walimpigia makofi. Nilitamani kuwamwagia juisi yao vichwani.

Usiku ule, nikimvua viatu, aliniambia, "Mama, sitaki tena kukula tofaa mbele ya watu."

Nikamwambia hatakula tena. Kwa hiyo ulipokuja mwaliko wa Halloween, nilijua nitafanya nini. Nitaoka keki ya chokoleti isiyo na sukari wala unga wa ngano, keki ambayo haitampandisha sukari mwilini, na itakuwa keki ya wote. Watoto wote wale wa Westville watakula keki ya mwanangu, kwenye sahani za aina moja. Nilimtumia yule mama ujumbe wa sauti mrefu, nikamweleza ugonjwa, nikamweleza keki, nikamwambia asiandae tofaa, na nikamwomba awaeleze wazazi wengine pia ili pasiwe na maswali. Alijibu: "Pole sana, mami. Nimeelewa."

Sasa wifi yangu. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikuja kututembelea miaka mitatu iliyopita, na wahenga waliosema mgeni siku ya tatu mpe jembe hawakuwahi kukutana naye, kwa sababu yeye angelichukua jembe na kuanza kukuonyesha unavyolima vibaya. Mume wangu anaendesha lori, wiki nzima yuko njiani, kwa hiyo vita vya nyumbani ameniachia mimi. Vyumba viwili, jiko moja, wanawake wawili. Nisiseme zaidi.

Wifi ni mwombezi kanisani, na kanisa lao lina sheria moja iliyonikausha maini: ugonjwa haukiriwi kwa kinywa. Ukisema unao, umeupokea. Ukisema huna, umeufukuza. Kwa hiyo katika nyumba yangu mwenyewe nilikuwa nasahihishwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Usisemake mtoto iko na sukari," angeniambia. "Sema alikuwaka na sukari."

"Yaya," ningemjibu, maana kwetu dada mkubwa anaitwa yaya, "asubuhi nimemupima. Iko na sukari."

"Kinywa inaumba, mama."

"Na sindano je? Inaumba nini?"

Hapo angeanza kuimba wimbo wa kanisa, polepole, akiwa ananitazama. Sijui kama kuna tusi kubwa kuliko kuimbiwa wimbo wa kanisa na wifi. Nilimchukia kwa hilo neno moja, alikuwaka, kuliko kwa sufuria zangu zote alizounguza. Kwa sababu niliogopa. Siku moja, niliwaza, atamwambia mtoto aache sindano kwa imani, na mtoto anampenda, atamsikiliza. Sindano nilizihifadhi mimi, nikazihesabu mimi, na wifi alijua kwa nini.

Keki ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa ya unga wa nazi. Ule unga unakunywa maji kuliko ngamia. Nilitoa kwenye oveni kitu ambacho ungeweza kujengea choo. Wifi aliona, akasema Mungu ameongea. Ya pili nilitumia unga wa lozi, mayai mengi, siagi, kakao chungu isiyochanganywa na kitu, na ile sukari ya bandia nyeupe inayoacha ubaridi ulimini kana kwamba umelamba kijiko kilichotoka friji. Ikabomoka, lakini ilikuwa na ladha ya chokoleti, nikapata moyo.

Ya tatu, ya Halloween yenyewe, niliipika Ijumaa jioni baada ya kazi. Oveni yetu inaunguza upande wa kushoto, kwa hiyo lazima usimame hapohapo na kugeuza bati. Nilikuwa nimemimina uji wa keki kwenye bati nikageuka kuwasha oveni. Niliporudisha macho wifi alikuwa ameinama juu ya bati na chupa ya mafuta ya upako, yale ya zeituni yaliyoombewa, na hakuwa anatonesha. Alikuwa anamimina.

"Yaya! Unafanya nini?"

"Minafunga milango. Kama mtoto itakula kitu ya mashetani, ikule yenye iko na damu ya Yesu."

"Hii si kitu ya mashetani. Iko keki!"

"Keki ya siku gani?"

Kweli ilikuwa keki ya siku ile. Na lozi nyingine sikuwa nazo. Nilikoroga mafuta yale yakaingia, nikaitia keki ndani huku nikimwambia maneno ambayo sitayaandika. Keki ikatoka laini, yenye unyevu, haikubomoka hata chembe. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yanakosekana siku zote. Sikumshukuru wakati ule na sitamshukuru hapa.

Niliipaka jibini laini, nikachora juu yake utando wa buibui kwa kakao. Mwanangu alikuja akaitazama kwa muda mrefu.

"Ni nzuri," alisema. Kisha akauliza, "Mama, umewaambia watu wote ni ya nini?"

"Wote," nikasema kwa fahari. "Mama ya rafiki yako atawaeleza. Hakuna tofaa tena."

Alisema "Sharp," yaani sawa, akaenda kulala. Mtoto wa Durban akisema "sharp" huwezi kujua kama amefurahi au anataka umwache.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na msusi aliyeacha kiti chake Jumamosi ya mwisho wa mwezi hana akili. Wateja walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Mtu wa kumpeleka mtoto alikuwa mmoja tu. Nilimwomba wifi kwa meno yaliyokazwa, na yeye akakubali kwa meno yaliyokazwa, akisema anakwenda kumlinda mtoto na si kusherehekea. Kofia ya mchawi ambayo mtoto aliitaka aliitupa jikoni kwenye pipa. Badala yake akamvalisha joho jeupe la kwaya ya watoto, refu mpaka chini, likiwa limepigwa pasi.

Nilimpa maagizo mara tatu. Mfuko wa sindano na mashine ya kupimia unakaa na mtoto. Asile chochote isipokuwa keki yangu. Akijisikia vibaya, nipigiwe.

"Nimesikia," wifi alisema. "Mimi si mujinga."

Walipanda gari la kuagiza kwa simu, yeye mbele na keki mapajani ikiwa ndani ya boksi, akiwa ameikunjia uso kama amepakata nyoka.

Jioni nilimaliza kichwa cha mwisho nikaagiza gari nami, vidole vikiniuma. Nilifika Westville bado kuna mwanga. Barazani palikuwa na maboga matatu yaliyotobolewa, maboga mazuri kabisa, ya kupika na maharage. Pamba ilikuwa imetandazwa kwenye maua. Kwenye lango mzazi mmoja aliyekuwa anaondoka aliniambia kwa Kiingereza kwamba mzimu wangu mdogo ndio uliovutia kuliko wote. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa anasema juu ya joho la kwaya. Laiti wifi angesikia, niliwaza, na kwa dakika moja nilifurahi.

Nikaingia. Watoto walikuwa sebuleni wamesimama vikundi vikundi, wachawi, mifupa, popo. Mwanangu alikuwa katikati yao, mweupe, anacheka. Mkononi alishika sahani, na juu ya sahani kulikuwa na kipande cha keki ya njano ya duka yenye krimu ya rangi ya machungwa, nene kama lami, na uma umechomekwa ndani yake.

Sikuuliza. Nilipita katikati ya watoto nikamnyang'anya ile sahani. Uma ukaanguka sakafuni ukalia. Watoto wote wakageuka.

"Umekula ngapi?" nilipiga kelele. "Umejichoma? Umekula ngapi?"

Mwanangu alitazama wenzake, kisha akatazama viatu vyake. Rafiki yake, mwenye nyumba mdogo, akauliza kwa Kiingereza, "Kwani ana nini?" Na hapo mama yake akatokea, kichwa upande.

"Pole sana, mami, mimi nimechanganyikiwa kabisa," alisema. "Walipofika mlangoni niliuliza, hii ndiyo ile keki ya mtoto mwenye sukari? Na dada yako akaniambia, hapa hakuna mwenye sukari. Mara mbili nilimuuliza. Nikafikiri labda ni mtoto wako mwingine, ama madaktari walikosea. Nikaiweka keki jikoni, nikakata ya duka niliyoiweka akiba, sikuwaambia watu kitu."

Hapa hakuna mwenye sukari. Kile nilichokuwa nakiogopa miaka mitatu kilikuwa kimetokea, mlangoni pa watu, kwa sauti. Nilimtafuta wifi. Alikuwa amesimama kando ya ukuta wa sebule, chini ya fuvu la plastiki, mkoba wake kifuani, hajakaa, hajala, hajavua hata kitambaa cha kichwa. Nilimshika mkono nikamvuta jikoni kama mwizi.

Keki yangu ilikuwa pale kwenye meza, ndani ya boksi, haijakatwa.

"Unataka kuniua mtoto?" nilimwambia. "Sema. Kama njo unachotaka, kama ndicho hicho, sema hapa."

"Achia mukono yangu."

"Ulimwambia huyu mama mtoto haiko mugonjwa! Akamupa keki ya sukari!"

"Nilimwambia yenye nilimwambia."

"Kwa kinywa yako! Njo inaumba, si ndiyo? Sasa itaumba kaburi!"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuimba. Alisema, "Mie nimesimama tangu tulifika. Nimesimama kwa hii nyumba ya mifupa, sijakunywa hata maji. Unajua juu ya nini, sababu gani, nimesimama?"

"Juu ya ujinga!"

"Niko naangalia sahani."

Sikumwelewa na sikutaka kumwelewa. Nilikuwa nimeanza kumwambia afungashe, kesho kuna basi la Johannesburg, kutoka huko atajua mwenyewe njia ya kwenda kwao, wakati mlango wa jikoni ulipofunguliwa na mwanangu akaingia. Alikuwa ameshika mfuko wake wa sindano. Akafunga mlango nyuma yake taratibu, kama mtu mzima anayetaka watoto wasisikie.

"Mama, acha tantine," alisema. Tantine ndivyo anavyomwita shangazi yake. "Mimi njo nilimuomba."

"Ulimwomba nini?"

"Kwa gari. Nilimuomba asiseme."

Nikatazama sahani, ambayo bado nilikuwa nayo mkononi mwangu. Ndipo nilipoiona vizuri. Kipande kilikuwa kimechokolewa, kimesukumwa huku na huku, krimu imetapakaa mpaka ukingoni. Lakini kilikuwa chote. Hakuna kilichopungua.

"Sikukula," alisema. "Nilishika tu sahani."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu walitupatia."

"Kwa nini usiombe ile yetu? Nimeioka juu yako. Imekaa hapa tangu mchana!"

"Juu umewaambia watu wote ni ya nini." Akanipa mfuko wa sindano. "Ile siku nilikwambia sitaki kukula tofaa mbele ya watu. Sikusema juu ya tofaa, mama. Nilisema juu ya watu."

Nilikuwa nimefunua mfuko tayari, mikono yangu ilikuwa inafanya kazi bila mimi. Alininyooshea kidole kabla sijamwomba, akitazama pembeni, jinsi anavyofanya kila siku. Nilimchoma, tone likatoka, mashine ikafikiri. Wifi alisogea kuangalia, yeye ambaye hajawahi kuitazama ile mashine kwa sababu kuitazama ni kukiri. Namba ilikuwa nzuri kuliko siku yoyote ya wiki ile.

"Tantine alisema atasimama, ataangalia nisikule," mwanangu alisema. "Na alisimama."

"Mulifanya siri juu yangu," nikasema.

"Eish, mama. Sukari ni yangu." Alijifuta kidole kwenye joho jeupe, likapata alama ndogo nyekundu. "Si ya wewe, si ya tantine. Kila siku munagombana, iko nayo, hana nayo, iko nayo, hana nayo. Kwani mulinunua? Ni yangu. Mimi njo nitasema nani ajue."

Nilimtafuta mtu wa kumkasirikia. Mkenya alikuwa amefanya nilichomwambia mpaka alipoambiwa vingine. Wifi alikuwa amesimama mchana kutwa chini ya fuvu. Sikumpata mtu, na jambo hilo liliniudhi kuliko lolote lililotokea siku ile, maana hasira nilikuwa nayo bado, yote, na sebuleni watoto walikuwa wameona nimemnyang'anya sahani. Walichokuwa hawakijui sasa walikuwa wanakiulizana, na aliyewaambia ni mimi.

Mwanangu alifungua boksi. Aliutazama ule utando wa buibui.

"Kata kipande," alisema. "Kidogo. Weka kwa sahani nyeupe."

Nilikata. Akatia mwenyewe hesabu ya sindano, akajichoma chini ya joho akiwa amegeukia friji, akanirudishia mfuko.

"Sasa nitatoka. Musinifuate. Na musiseme kitu."

Akatoka na sahani yake, mgongo umenyooka. Kupitia mlango uliobaki wazi kidogo tulimwona akirudi katikati ya popo na mifupa. Mtoto mmoja alimuuliza jambo, hatukusikia ni nini. Alichomeka uma kwenye keki, akala, akajibu kinywa kikiwa kimejaa. Tulisimama mimi na wifi yangu begani kwa bega kwenye upenyo ule, kila mmoja akijaribu kumsukuma mwenzake apate kuona. Nilitaka kusema kitu. Naye alitaka, nilimwona akivuta pumzi. Tukanyamaza wote wawili.